Mwaka wa Tisini na Moja

Maziwa yako jikoni, nayaangalia kwa jicho moja.
La pili liko themanini na tisa, robo fainali:
Ghala ya Lanet mbili, watu wa Sukari moja,
na Barng'etuny ameinama kwenye kona fupi
kama mtu anayeokota sindano.

Maziwa yamefurika.

Daftari hili ni la Situma, Hesabu, darasa la nne.
Mbele kuna desimali na alama nyekundu za mwalimu.
Nyuma, kwa mwandiko wangu, kuna timu iliyokufa.

Themanini na saba: tulitolewa mechi ya kwanza.
Themanini na nane: lori la Ghala lilikwama Molo
kwenye tope, wachezaji wakalisukuma kwa magongo,
tukafika wenzetu wamekwisha kupewa pointi.
Themanini na tisa: nusu fainali, penalti.
Gurdip alilia ndani ya kofia yake ya ukipa
tukajifanya tunatazama vumbi la Menengai.
Tisini: nusu fainali tena. Afadhali nisieleze.
Tisini na moja:

hapo pana nafasi, upana wa kidole.

"Mama, soksi moja haipo."
"Mama, Namalwa ameniita bata."
Gesi imekwisha na ugali haujaiva.
Baba yao ameingia zamu ya usiku kiwanda cha unga,
na kesho, saa mbili kamili, mkutano wa wazazi.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa lile ghala.
Mimi, miaka kumi na mitatu, ndiye niliyeandika mabao
kwa chaki, kwenye ubao uliofungwa kwa waya uani.
Miaka minne sikukosa mechi ya mchujo.
Ya tano nilikuwa chumba cha mtihani, kidato cha nne,
naeleza mmomonyoko wa udongo
huku upepo ukileta makelele kutoka upande wa Lanet
nisijue ni ya kilio au ya shangwe.
Kitabu cha mabao mchwa walikisoma kabla yangu.

Nimempigia Ngotho, aliyekuwa winga, sasa anauza miwani:
"Tatu bila! La tatu nililifunga mimi."
Nimempigia mjane wa Gurdip:
"Siku ile alirudi, akafungua viatu, hakula."
Ngotho tena: "Labda mbili bila."
Salio la simu likaisha tukiwa bado kwenye labda.

Mwezi jana niliingia pale. Sasa wanauza vigae.
Nilihesabu hatua kutoka mlangoni, nikasimama
mahali ulipokuwa mlingoti wa kulia,
kati ya vigae vya choo na sinki za rangi ya maziwa.
Kijana akaniuliza ninatafuta saizi gani.
Nikamwambia nitarudi na vipimo.

Usiku huu soksi imepatikana ndani ya kiatu cha Situma.
Namalwa amechukua mwiko, ukiwa bado na unga,
anaipiga ndimu ukumbini, huku na huku,
inapita chini ya kiti cha bibi yake, anainua mikono: "Bao!"

Mama hakuinua uso. Alikuwa anahesabu vidonge vya presha.
"Si bao hilo. Umepigia nje ya duara."

Nikauzima moto.
Miaka yote hii namuuliza kila mtu mjini,
namlisha huyu, namvalisha sweta, namkumbusha dawa.
"Mama, tisini na moja ulikuwepo?"

"Nilikuwa getini, na mahindi ya kuchemsha."
"Tulishinda?"
"Mahindi yaliisha kabla ya mapumziko."
"Mama. Matokeo."
"Gunia zima, nakwambia. Hata la kumwekea baba yako
halikubaki." Akameza kidonge, akaomba maji.

Nimempa maji. Nimeepua ugali, umeungua upande mmoja.
Kisha, kwa penseli ya Situma, kwenye ile nafasi,
nimeandika kama nilivyoambiwa:
*gunia zima, kabla ya mapumziko.*

Asubuhi mwalimu ataligeuza daftari na kuuliza.